Neno "discharge" kortini, hospitalini na kwingineko: tulifasirije?

Mfasiri wa Pangani ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninaandaa faharasa ya Kiingereza na Kiswahili kwa ajili ya wakalimani wanaoanza kazi hapa Nairobi, na kitenzi kinachonitatiza kuliko vyote ni "discharge". Hakimu hulitumia kuhusu mshtakiwa, daktari kuhusu mgonjwa, benki kuhusu rehani, na mwenye kiwanda kuhusu maji anayoyaelekeza mtoni. Nikikusanya tafsiri zinazotumika ninapata kuachilia, kuruhusu, kupakua, kutekeleza, kufyatua, kumwaga, kutoa usaha, na bado sijamaliza. Je, ipo maana moja ya msingi inayoweza kutuongoza, au kila fani ipewe neno lake na tuache kutafuta undugu baina yao? Ningependa hasa kuwasikia wanaofanya kazi kortini, kwa sababu huko neno likienda upande, mtu huumia.

Mkalimani wa Makadara amejibu:

Ndugu Mfasiri, umegusa jambo ambalo mimi hulifikiria karibu kila siku ya kazi. Kortini penyewe neno hili halina maana moja, kwa hivyo kuandika tu "sheria: kuachilia" hakutamsaidia mkalimani.

Chukua kifungu cha 87 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kinachoruhusu upande wa mashtaka kuondoa kesi kwa idhini ya mahakama. Kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, yeye huwa "discharged", na sheria inasema wazi kwamba hatua hiyo haizuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Ikiondolewa baada ya kutakiwa kujitetea, hukumu ni ya kumwondolea hatia, na hapo shauri limekwisha. Watu wawili wanaweza kutoka kizimbani asubuhi moja, wote wakishangiliwa na jamaa zao nje ya mlango, ilhali mmoja wao anaweza kukamatwa tena wiki ijayo kwa kosa lile lile. Wakalimani wengi huwaambia wote wawili "umeachiliwa huru", na hilo neno "huru" ndilo linalomdanganya yule wa kwanza.

Kisha kuna kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu, ambapo mtu amekwisha kupatikana na hatia, ila mahakama inaona haifai kumwadhibu. Inaweza kumwacha bila sharti lolote, au kwa sharti kwamba asitende kosa jingine katika muda usiozidi miezi 12. Huyu naye Kiingereza humwita "discharged", ingawa hatia yake imethibitishwa.

Mimi hutumia "kesi imeondolewa, unaweza kwenda" kwa yule wa kwanza, "mahakama imekuondolea hatia" kwa wa pili, na "umepatikana na hatia lakini hutaadhibiwa" kwa wa tatu. Kuhusu uwezekano wa kushtakiwa tena, si kazi ya mkalimani kuongeza maelezo yake mwenyewe. Humwomba hakimu amweleze mshtakiwa, kisha mimi nifasiri. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo, na sioni haki hiyo ina faida gani ikiwa mtu ataondoka hajui kesi yake imeishia wapi.

Muuguzi wa Wodi amejibu:

Nakubaliana na Mkalimani, na ninaongeza kwamba hospitalini tuna maana mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni mgonjwa kupewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Tafadhali msiandike "kuachiliwa" hapo. Daktari anaweza kumruhusu mgonjwa leo, jina likaandikwa kwenye faili, kisha mgonjwa huyo akaendelea kukaa wodini kwa sababu bili haijalipwa. Kwa hivyo kuruhusiwa ni jambo la tiba, na kuachiliwa ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia kina mama waliojifungua kwa sababu ya bili ni kukiuka haki zao. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe.

Maana ya pili ni majimaji yanayotoka mwilini. Kwenye kidonda au sikio tunasema usaha, ikiwa kweli ni usaha. Kwa wanawake, wengi hutafsiri "uchafu", nami nalipinga neno hilo kwa moyo wote. Ute wa kawaida wa ukeni si uchafu, na mama akiulizwa "unatoka uchafu?" huona aibu, hukana, na dalili ya ugonjwa hutupita. Ulizeni kuhusu ute au majimaji, kisha rangi, harufu na mwasho.

Fundi wa Sola amejibu:

Kwetu ni rahisi: betri inapotoa umeme, tunasema chaji inapungua au inaisha. Mteja mwenye betri ya risasi na asidi humwambia tu, "usitumie zaidi ya nusu ya chaji," naye anaelewa kuliko ukimtajia istilahi yoyote.

Mhariri Mstaafu amejibu:

Mfasiri umeuliza kuhusu maana ya msingi, na ipo. Neno lilitoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata kutoka Kilatini, ambako mzizi wake ni gari la kubebea mizigo. Maana yake ya awali ni kushusha shehena, kama meli inavyopakuliwa pale Mombasa. Deni ni mzigo, mashtaka ni mzigo, wajibu ni mzigo. Ndiyo maana benki ikifuta rehani kwenye hati ya shamba, na ofisa akitekeleza majukumu yake, neno ni lile lile. Hata maji taka ambayo kiwanda hupewa kibali cha kuyatiririsha chini ya kanuni za ubora wa maji ni kitu kilichotuliwa, yaani kilichoshushwa. Ningeanza kidahizo, yaani neno hili na maelezo yake katika faharasa, kwa "kutua" ili msomaji aone ukoo wote, ndipo nigawe fani.

Mkalimani wa Makadara amejibu:

Mzee, historia hiyo ni nzuri na ninaipokea kwa heshima, lakini naomba isikae mwanzoni mwa kidahizo. Mkalimani aliyesimama mbele ya hakimu ana sekunde chache tu, na neno la kwanza analoliona ndilo atakalolitamka. Akimwambia mshtakiwa wa kifungu cha 87 kwamba ametuliwa mzigo, atakuwa amemwahidi jambo ambalo sheria haijamwahidi. Ndugu Mfasiri, anza na fani, utenge sheria katika mistari mitatu yenye namba za vifungu, na asili ya neno uiweke mwisho.