Mnunuzi wa Ulaya amekataa kumalizia malipo ya parachichi, tushike wapi?

Kikapu_Thika: Wadau, kontena letu la parachichi aina ya Hass limefika Rotterdam, Uholanzi, kwa masharti ya FOB Mombasa (hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini). Mnunuzi alilipa asilimia 30, hati asili za shehena (bill of lading, ndizo za kuchukulia mzigo) tukamtumia kwa kuria. Sasa anadai yameoza, anataka nusu bei, na ushahidi ni picha tatu za WhatsApp. Makubaliano yetu ni ya barua pepe tu.

KaraniWaMizigo: Msijibu hata "sawa" kwenye WhatsApp, itasomwa kama mmekubali punguzo. Mwandikieni leo kwamba mnapinga dai na asiuze wala kutupa chochote kabla mkaguzi huru hajafika. Mkaguzi mwajirini ninyi. Ripoti itaje namba ya kontena na ya lakiri (seal) yake, joto la ndani ya tunda, asilimia ya kasoro na, zaidi ya yote, aina yake. Kuoza kuanzia kwenye kikonyo mara nyingi ni ugonjwa uliotoka shambani, na huo ni mzigo wenu. Itisheni pia rekodi za joto za kontena. Hass husafiri karibu nyuzi 5. Kama lilikaa 10 kwa siku kadhaa baharini, FOB inamaanisha hatari ilishahamia kwa mnunuzi melini. Yeye ndiye aidai kampuni ya meli, ninyi awalipe ankara.

Mzigo_JKIA: Kumtumia hati kabla ya salio ndiko kulikompa nguvu. Safari ijayo nakala zote 3 asili za hati ya shehena zipitie benki, "kwa amri ya benki", azipate akishalipa. Maua na mishiri ya ndege ni habari nyingine: hati ya ndege si ya umiliki, aliyeandikwa mpokeaji huchukua mzigo bila nakala asili. Huko dai pesa kamili kwanza, au hati ya muamana (letter of credit, ahadi ya benki kulipa ikiletewa hati zilizotakiwa). Nayo ina meno yake: benki hulipa karatasi, si matunda. Jina au uzito ukitofautiana na masharti, inakataa. Na zisipoelezwa siku nyingine, mna siku 21 tu tangu kupakia za kuwasilisha hati benki.

Wakili_Upperhill: Hukumu ya mahakama ya Milimani, Nairobi, ni ngumu kuitekeleza Uholanzi. Uamuzi wa usuluhishi ni rahisi zaidi, kwa kuwa nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa New York wa 1958, wa kutambua maamuzi ya usuluhishi ya nchi nyingine. Ila lazima kifungu cha usuluhishi kiwe kwenye maandishi, mfano: NCIA (kituo cha usuluhishi) hapa Nairobi, msuluhishi mmoja, sheria ya Kenya. Someni barua pepe zote, pamoja na masharti ya mnunuzi yaliyoambatishwa kwenye oda. Huenda kimo tayari, na huenda kinawapeleka kwao. Bima ya mkopo (ya mnunuzi asipolipa) isiwadanganye: deni likibishaniwa, kwa kawaida husubiri ubishi uishe.

Kikapu_Thika: Oda ina kurasa mbili za masharti kwa Kiholanzi. Hatukuzisoma.

Wakili_Upperhill: Zitafsiriwe kabla hamjamjibu kuhusu pesa. Ukaguzi usisubiri hilo.