Tupeane uzoefu: mnaoishi wenyewe, mnafanyaje?

Wakuu, salaam. Kuishi mwenyewe nakupenda, nisiwe mnafiki. Narudi gheto, nasonga ugali wangu, hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi. Shida ni Jumapili. Ikifika saa tisa alasiri chumba kinakuwa kikubwa ghafla. Mwenye uzoefu atiririke. Wa "oa tu" piteni kushoto.

#2
Oa tu mkuu.

#3
Mimi dereva, Dar–Lubumbashi. Foleni ya Tunduma ikikushika, wapo wanaojifungia kwenye kebini na simu mpaka chaji iishe. Mimi nikishazima gari nashuka kutafuta wa kula naye. Mmoja ana unga, mwingine nyanya na dagaa, mtungi mdogo wa gesi tunauweka kwenye kivuli cha tela, tunapika. Kuna Wazambia, kuna Wakongo wa Kiswahili chao kile, tunaelewana. Wengine majina siyajui mpaka leo, nawatambua kwa magari yao. Mama watoto ananihurumia eti njiani niko mpweke. Hajui kwamba upweke naukuta nyumbani: watoto wana ratiba zao, rimoti ina mwenyewe, mimi nakaa kama mgeni nasubiri safari.

#4
Dada wa Tabata hapa. Jumuiya ndogo ndogo nilikuwa nalipa michango tu, kusali siendi. Siku zamu ikaangukia kwangu, Jumamosi alfajiri, nikaazima viti kwa jirani ambaye hata salamu tulikuwa hatupeani. Rozari ile sikuisikia, nilikuwa nahesabu vikombe vya chai! Yule jirani sasa ndiye anayebaki na ufunguo wangu nikisafiri.

#5
Mimi sitaki kuokolewa. Nakaa dirishani benki, kutwa nzima naongea na watu, jioni nataka kimya. Ila msiba wa mtaani haunipiti, hata wa nisiyemjua. Natoa rambirambi, nakaa chini ya turubai nusu saa, sisemi neno, naondoka. Kwangu inatosha, mwezi mzima sijihisi niko pekee.

#6 (mleta mada)
#2 nilisema pita kushoto 😂. #5, hiyo ya turubai naijaribu, kuongea sana kunanishinda. #3, hapo kwenye kuchanga sijaelewa: aliyekuja na nyama na aliyekuja na chumvi mnahesabianaje?