Porsche 718 Cayman: fedha iende kwenye injini kubwa au kwenye saspensheni?

Mpenda_Kona

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimeazimia kununua Porsche 718 Cayman, gari dogo la spoti la viti viwili, lililokwisha kutumika, na baada ya kupekua matangazo kwa muda mrefu nimebaki na magari mawili, yote ya gia ya mkono, yote yenye kumbukumbu kamili za matengenezo, na bei zake zimekaribiana kiasi kwamba fedha haiwezi kuniamulia. La kwanza ni gari la msingi lenye injini ya lita 2.0, silinda nne na tabo (pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi), nguvu za farasi 300. Mmiliki wake wa kwanza hakutaka injini kubwa. Aliongeza shokapu za kielektroniki za PASM, ambazo huja pamoja na kimo kilichoshushwa milimita 10, na difu, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, yenye kufuli ya kimakanika. La pili ni Cayman S la lita 2.5, farasi 350, lililotoka kiwandani bila nyongeza yoyote upande wa chini: shokapu za kawaida, kimo cha kawaida, difu isiyofunga.

Barabara nitakayoipita mara nyingi ni ya mlimani, nyembamba, yenye kona zinazofuatana, na lami yake imejaa viraka na mawimbi, hasa pale magari mazito yanapofunga breki kabla ya kona. Barabara kuu nitaitumia pia, uwanja wa mbio mara chache sana. Nimeyajaribu magari yote mawili kwenye lami laini, na hapo S lilinivutia zaidi kwa namna linavyochomoka, ila nahofia kwamba lami laini haikunionyesha yale ninayopaswa kuyajua. Je, kwa mtu mwenye barabara kama yangu, farasi 50 za ziada zina thamani kuliko shokapu na difu? Na je, ni busara kuyaacha yote mawili nikaendelea kuweka akiba hadi niifikie GTS 4.0, toleo la juu zaidi la Cayman lenye injini ya lita 4.0?

Fundi_Shokapu

Ndugu Mpenda_Kona, umefanya vema kutueleza barabara kabla ya kutuuliza habari za gari, kwa sababu jibu lote limo humo.

Springi hubeba uzito wa gari, na shokapu huituliza springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya tairi kupita kwenye tuta au shimo. Tairi likiikandamiza lami kwa uzito usioyumba, gari hugeuka, hufunga breki na hutoka kwenye kona kwa uhakika; tairi likirukaruka juu ya mawimbi, nguvu za injini hazina pa kupitia, ziwe nyingi kiasi gani. Katika barabara uliyoieleza, kila kona huanza kwa breki juu ya mawimbi hayo hayo, na kama gari halijatulia pale, hakuna kitakachorekebishwa katikati ya kona.

Shokapu ya kawaida ina ukakamavu mmoja uliochaguliwa na wahandisi ili ufae barabara za aina nyingi, na kwenye Cayman wameuchagua vizuri, nisieleweke vibaya. PASM hupima mwendo wa bodi na namna dereva anavyoendesha, kisha hurekebisha upitaji wa mafuta ndani ya kila shokapu kulingana na hali ya gurudumu lake. Ina hali mbili, ya kawaida na ya spoti, na wanunuzi wengi hudhani kwamba wanalipia ile ya pili. Mimi naona thamani yake imo katika ile ya kwanza, kwa sababu hapo shokapu hulegea zinapokutana na kiraka na kukaza bodi inapoanza kulala kwenye kona, bila wewe kugusa kitufe chochote. Hali ya spoti juu ya lami mbovu mara nyingi humrusha dereva zaidi kuliko inavyomsaidia.

Sasa tuje kwenye injini. Ile ya lita 2.0 hutoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha magurudumu, ya Nm (newton-mita) 380 kuanzia mizunguko 1,950 hadi 4,500 kwa dakika, na ya lita 2.5 hutoa Nm 420 kuanzia 1,900 hadi 4,500. Ukipiga hesabu, kwenye mizunguko 4,500 injini ndogo inatoa takriban farasi 243 na kubwa takriban 269. Tofauti yao hapo ni farasi 26 tu. Zile 50 hazikamiliki mpaka ufike 6,500. Gia za gari hili ni ndefu, hivyo kufika huko ukiwa kwenye gia ya pili ni kupita kilomita 100 kwa saa. Kwenye barabara nyembamba ambako kona haijaisha kabla nyingine kuanza, utakuwa huko mara ngapi, kwa usalama na bila kuvunja sheria?

Difu nayo ina kazi yake. Unapokanyaga mafuta ukitoka kwenye kona kali, tairi la nyuma la upande wa ndani hupungukiwa uzito, na difu isiyofunga huliachia lizunguke bure hadi kompyuta ilishike kwa breki, yaani sehemu ya nguvu ulizolipia inapotelea kwenye joto la breki. Difu yenye kufuli huzipeleka nguvu hizo kwenye tairi la nje lenye mshiko. Mimi ningechukua gari la kwanza.

Mwenye_S

Naziheshimu hesabu za Fundi_Shokapu, na takwimu zake ni sahihi, lakini uamuzi wake siukubali. Mimi naendesha Cayman S kwenye barabara zisizotofautiana sana na hiyo.

Takwimu za torki hupimwa mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini na tabo ikiwa imekwisha kujaa. Hazisemi lolote kuhusu muda unaopita kati ya mguu kukanyaga na gari kuitika, na kwenye mlima muda huo ndio mateso ya injini yenye tabo. Tabo ya S ina mapezi yanayobadilisha pembe, ufundi ambao Porsche iliutumia kwenye 911 Turbo mwaka 2006. Moshi ukiwa mchache, mapezi hujibana ili upite kwa kasi na kuizungusha tabo mapema. Moshi ukiongezeka, hufunguka. Tabo ya lita 2.0 haina mapezi hayo. Ukitoka kwenye kona iliyopinda mpaka ikakurudisha ulikotoka, kwenye mwinuko, mizunguko ikiwa imeshuka, utaisikia injini ndogo ikikusanya pumzi kabla ya kuondoka.

Hoja yangu ya pili ni ya mnunuzi wa gari lililotumika. Shokapu huchakaa, na gari lenye miaka kadhaa litazihitaji mpya mapema au baadaye. Siku hiyo, mwenye S anaweza kuchagua za Bilstein, KW au Öhlins zinazorekebishwa kwa mkono na kuzipanga kwa ajili ya barabara yake mwenyewe. Difu yenye kufuli pia huweza kufungwa na fundi anayelijua gari. Injini ya lita 2.5 hutaiweka kamwe kwenye gari la lita 2.0 kwa gharama yenye maana. Kumbuka pia kwamba S lilitoka kiwandani na breki za mbele zenye sahani nene zaidi, jambo linalohesabika mno kwenye mteremko mrefu, na uzito wake unazidi wa gari la msingi kwa kilo 20 tu: 1,355 dhidi ya 1,335. Nunua kile usichoweza kukiongeza baadaye.

Sauti_ya_Sita

Wenzangu wameliruka swali la GTS 4.0, nami naliona kuwa swali zito.

Gari hilo lilitangazwa Januari 2020, na injini yake ni hii: lita 4.0, silinda sita zilizolala, hakuna tabo, nguvu za farasi 400, na mizunguko inapanda hadi 7,800. Torki yake kwenye gari la gia ya mkono ni Nm 420, sawasawa na S, lakini S inaipata kuanzia mizunguko 1,900 wakati GTS 4.0 inaipata kati ya 5,000 na 6,500. Maana yake ni kwamba katika mwendo wa kawaida wa barabara yako, kwenye mizunguko 2,500 au 3,000, S ndilo litakalovuta kwa nguvu zaidi. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, takwimu za kiwandani za magari ya gia ya mkono ni sekunde 4.5 kwa GTS 4.0, 4.6 kwa S na 5.1 kwa gari la msingi. Anayesubiri 4.0 ili awe na kasi zaidi barabarani atakuwa amesubiri sehemu ya kumi ya sekunde.

Kinachopatikana kule ni kitu kingine, nami nakipenda kwa moyo wote: injini huitika papo hapo mguu unapogusa pedali, kwa kiasi kile kile ulichoomba, na sauti yake hupanda pamoja na mizunguko badala ya kuvuma kwa ukali mmoja kama zile za silinda nne. Kama sauti na mwitiko huo ndivyo vinavyokuamsha asubuhi, subiri, kwa maana hakuna nyongeza yoyote itakayovipandikiza kwenye injini nyingine. Lakini subiri ukijua kwamba gia ya pili pekee hupita kilomita 130 kwa saa, hivyo ile sehemu tamu ya juu utaionja mara chache kwenye barabara nyembamba, na kwamba gari huja limeshushwa milimita 20 na rimu za inchi 20. Juu ya viraka na mawimbi, mimi nisingelichagua kwa hiari.

Niongeze jambo moja kwa faida ya hoja ya Fundi_Shokapu. Mwaka 2019 Porsche ilitoa 718 T, na ndani yake iliweka injini ile ile ya farasi 300 pamoja na PASM ya kushusha milimita 20 na difu yenye kufuli. Waundaji wenyewe hawakuona kuwa injini ndogo haistahili vifaa bora vya chini.

Fundi_Shokapu

Ndugu Mwenye_S, kuhusu mapezi ya tabo nakubaliana nawe kabisa, na Mpenda_Kona aichukulie hoja hiyo kwa uzito. Kuhusu shokapu, hapana. Zile zinazorekebishwa kwa mkono ni nzuri sana, lakini ukishazipanga zinabaki hivyo hivyo kwenye viraka, kwenye kona na kwenye barabara kuu, mpaka uzipange upya. Kuiweka PASM kwenye gari lililozaliwa bila nayo kunahitaji nyaya, vihisio na kompyuta yake, na mafundi wengi hukataa kazi hiyo. Kwa hiyo saspensheni ya gari la kwanza nayo ni kitu kisichoongezwa kwa urahisi.

Ninalopaswa kulisema kwa haki ni kwamba shokapu ya PASM ikifa, bei yake huizidi sana ile ya kawaida. Kabla ya kununua, gari liinuliwe, kila shokapu ichunguzwe kama inavuja mafuta, matairi yatazamwe kama yamelika upande wa ndani, kisha upite kwenye kipande kimoja cha lami mbovu kwa hali zote mbili. Usipohisi tofauti yoyote kati ya hali hizo, kuna kitu kimeharibika au kimebadilishwa.

Mpenda_Kona

Nawashukuru sana nyote. Nimefuata ushauri na kuyaendesha tena magari yote mawili kwenye lami yenye mawimbi. Alichosema Mwenye_S ni kweli: gari la lita 2.0 lina kusita kidogo linapotoka kwenye kona kali ya mwinuko, na kusita huko hupungua sana ukiingia na gia ya chini ili mizunguko isianguke. Ila S, kwenye breki juu ya mawimbi, lilirusha sehemu ya mbele kiasi cha kunifanya niachie breki kabla ya wakati, wakati lile lenye PASM lilitulia na kuniacha nichague mahali pa kugeuka. Difu nimeihisi pia, hasa palipokuwa na mchanga kidogo pembeni mwa lami. Kusita kwa injini naweza kukuzoea na hata kukukwepa kwa gia. Kuruka kwa sehemu ya mbele kuliniondolea imani. Naelekea kwenye gari la kwanza. Limefungwa rimu za inchi 20 zilizowekwa baadaye, na muuzaji anazo bado zile za inchi 18 za kiwandani. Nichukue zipi?

Mwenye_S

Hapo sina pingamizi, maana umehukumu kwa barabara yako mwenyewe. Chukua zote kama muuzaji atakubali, na ufunge za inchi 18. Matairi ya mbele ya saizi ya kiwandani ni 235/45 kwa inchi 18 na 235/35 kwa inchi 20, yaani ukuta wa tairi ni takriban milimita 106 dhidi ya 82. Milimita hizo 24 ndizo zinazopokea ukingo wa kiraka kabla haujaifikia shokapu, na ndizo zinazoilinda rimu isipinde kwenye shimo. Usukani utachelewa kidogo kuitika mwanzo wa kona, lakini utauzoea upesi. Hakikisha matairi yana alama ya N, inayoonyesha kuwa yameidhinishwa na Porsche, yawe ya aina moja mbele na nyuma, na uombe karatasi ya vipimo vya uelekeo wa magurudumu kabla ya kulipa, kwa kuwa gari lililokuwa na rimu kubwa huenda limewahi kugonga shimo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye kumbukumbu za matengenezo.