Naomba ushauri: kifaa cha mdomoni cha kupima misuli ya ulimi

Mkaaji wa Kamalondo: Ndugu zangu wa Lubumbashi, mke wangu anasema kwamba nikilala ninakoroma sana, kisha pumzi inakatika kabisa, na baadaye ninashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Fundi mmoja wa meno anataka kuniagizia ng'ambo kifaa cha mdomoni kinachonasa umeme wa misuli ya ulimi, ili nijue kama ulimi ndio unaoziba koo. Je, kinaaminika? Ninahitaji jibu kabla ya Jumapili.

Mama Neema: Baba, acha kwanza pombe ya jioni. Mume wangu alikoroma hivyo hivyo, na daktari alitueleza kwamba pombe hulegeza misuli ya koo. Alipoiacha na kuanza kulala ubavu, nyumba nzima ilipata usingizi.

Muuguzi wa Kampemba: Msuli unaohusika huitwa jenioglosasi, nao huvuta ulimi mbele kwa amri inayopita katika neva ya 12 ya kichwa. Kwa wagonjwa wengi wa kukatika pumzi usingizini msuli huo hufanya kazi kubwa kuliko kawaida wakiwa macho, kwa kuwa njia yao ya hewa ni nyembamba. Usingizi ukiingia, nguvu hiyo hupungua na koo huziba. Kifaa unachokisema huweka elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme, chini ya ulimi bila kuchoma sindano, lakini mate, kumeza na misuli ya jirani huvuruga ishara, ndiyo maana hutumiwa zaidi na watafiti. Hakitibu, wala hakihesabu pumzi zilizokatika. Ugonjwa huthibitishwa kwa kumpima mtu usiku akiwa amelala: hewa ya puani, mwendo wa kifua, oksijeni ya damu. Kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, pamoja na zile zinazopungua sana. Zikifika 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Sasa nijibu, kaka: mchana unasinzia? Kazi yako ni ipi? Na kwa nini Jumapili?

Mkaaji wa Kamalondo: Ninasinzia kidogo tu.

Muuguzi wa Kampemba: Na kazi?

Mkaaji wa Kamalondo: Ninaendesha lori la shaba kutoka Kolwezi hadi Kasumbalesa. Safari iliyopita usingizi ulinichukua karibu na Likasi, msaidizi wangu akashika usukani. Bosi hajui. Jumapili ninaondoka tena, na fundi amekwisha kupokea nusu ya malipo. Sioni ubaya wa uamuzi wangu: kipimo kikionyesha kwamba ulimi ni mzima, nitaendesha kwa amani, na karo ya watoto itapatikana.

Dereva Mstaafu: Mwanangu, barabara hiyo ninaijua, nami nimewazika wenzangu waliosema kwamba ni uchovu tu. Watoto wa watu wanaovuka barabara pale Likasi nao wana karo. Mwambie bosi leo.

Mwana wa Katuba: Mimi nina shaka na habari hii yote. Ilianza kwa kukoroma, ikaja kwa fundi, sasa tuna lori, na kila jibu linarudi kwenye kifaa kilekile ambacho muuguzi amesema ni cha watafiti. Naona huyu ni muuzaji anayetafuta wateja. Aweke risiti hapa.

Mama Neema: Hata kama ameitunga, madereva wanaosinzia wapo.

Mkaaji wa Kamalondo: Sikutumwa na mtu. Risiti ni hii, nimefuta majina.

Muuguzi wa Kampemba: Nimeisoma. Imeandikwa kwa Kifaransa kwamba umelipia kifaa cha kusogeza taya ya chini mbele. Hicho ni kifaa cha tiba, na huwafaa wengi ambao ugonjwa wao si mkali, ila hakipimi umeme wa msuli wowote. Zuia nusu iliyobaki mpaka upimwe. Ugonjwa ukiwa mkali, tiba ya kwanza ni mashine ya kusukuma hewa puani, aliyoieleza Colin Sullivan wa Australia mwaka 1981.

Mwana wa Katuba: Basi ninaondoa neno langu, kaka. Fundi ndiye wa kuulizwa.

Mkaaji wa Kamalondo: Nitamwuliza. Lakini je, siwezi kwenda Jumapili, nikirudi nipimwe?

Muuguzi wa Kampemba: Hapana. Msaidizi wako kama ana leseni aendeshe yeye, au lori lisubiri. Wewe kesho nenda kwa daktari wa koo pamoja na mke wako, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona pumzi ikikatika.