Tupeane uzoefu: muziki wa miaka ipi ulikugharimu?

Mwana wa Kilosa

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa msibani Mbagala. Usiku wa pili, kahawa imeshazunguka mara tatu, likazuka lile bishano lisiloisha. Shemeji yangu anasema baada ya miaka ya 80 hakuna muziki, kuna kelele. Mtoto wa marehemu anasema Bongo Flava ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 haijapata mfano. Sauti zikapanda mpaka mama mmoja akatoka ndani kutukumbusha tuko wapi.

Nikagundua kitu. Ukimuuliza mtu miaka ipi ilikuwa bora, anakutajia ujana wake. Kwa hiyo nauliza kwa mlango mwingine: taja bendi au msanii, mwaka, na ulichogharamika. Hela, kazi, mchumba, chochote. Kama hukulipia kitu, pisha wenzako.

Naanza. Kilosa, Aprili 1984, niko darasa la sita. Betri zilikuwa adimu kama sukari na sabuni, unazipata kwa mwenye duka anayekujua. Baba alikuwa anafungua redio saa mbili usiku kwa taarifa ya habari, ikiisha anaifunika kitambaa. Akilala, mimi naiingiza chini ya shuka, sauti ndogo kabisa, sikio nimelibandika kwenye spika. Maquis, Vijana Jazz, Sikinde. Nyimbo nyingi walizorekodi RTD, redio ya taifa, hazikufika dukani, kwa hiyo usiposikia siku hiyo hujui utasikia lini tena.

Alhamisi tarehe 12 jioni watu wakaanza kusimama vikundi vikundi barabarani. Baba akaifungua redio. Kimya. Akazitoa betri, akazing'ata, akazirudisha. Kimya. Habari ya Waziri Mkuu Sokoine kufariki kwa ajali pale Dakawa, mkoani kwetu, baba yangu aliisikilizia dirishani kwa jirani, kofia mkononi. Alijua nani kazimaliza zile betri. Hakunichapa. Asubuhi alizianika juu ya bati kama kawaida, hakusema neno, na mpaka anafariki hakuwahi kulisema.

Hiyo ndiyo gharama yangu. Karibuni.

Bugaluu Mstaafu

Pole, mdogo wangu. Wewe ulijifunika shuka, mimi nilikuwa ukumbini.

1979, kibarua kiwandani, naishi Temeke. Mlimani Park, ndiyo hao Sikinde, ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili, imeundwa 1978, na mwimbaji mzee Gurumo alikuwa ameshahama bendi ya Juwata kuja huko. Baadaye nyumbani kwao pakawa DDC Kariakoo. Vijana wa leo hawaelewi kwamba bendi zile nyingi zilikuwa mali ya mashirika: DDC, shirika la maendeleo la Dar, jumuiya ya wafanyakazi, bima, kiwanda cha Urafiki, jeshi, polisi, hata magereza walikuwa na yao. Mwanamuziki ana mshahara na vyombo si vyake. Akihama usiku anaacha gitaa, anaondoka na kipaji tu. Ndiyo maana kila bendi ilijipa mtindo, Sikinde, Msondo, Kamanyola, Pambamoto, ili shabiki ajue yuko kwa nani hata waimbaji wakibadilishana.

Nilinunua raizoni, viatu vya soli nene, kwa karibu nusu ya mshahara. Nikavaa na bugaluu, suruali pana chini, iliyofagia njia nzima. Wimbo ulikuwa na sehemu mbili: kwanza kisa, watu wanacheza taratibu wakisikiliza nani kamwacha nani na kwa nini, halafu linakuja chemko, tarumbeta zinaingia, hapo hakuna anayekaa. Nilicheza chemko mpaka mabasi yakaisha. Nikarudi kwa miguu, raizoni mkononi kwa sababu siwezi kuziharibu kwenye lami, na pale Keko nikakanyaga chupa. Wiki nzima sikwenda zamu, kibarua kikaota nyasi. Raizoni zilikuwa salama.

Kovu ninalo. Nikisikia mwimbaji wao Bitchuka anapandisha sauti, mguu wa kushoto unawasha.

Kifurushi cha Usiku

Shikamoo mzee Bugaluu. Nimecheka peke yangu kijiweni.

Mwana wa Kilosa, nadharia yako naomba niitie dosari. Nina miaka 22, bodaboda Morogoro mjini, na msanii wangu ni Mbaraka Mwinshehe. Alikufa kwa ajali ya gari Januari 1979 huko Mombasa, hata mama yangu alikuwa hajazaliwa. Abiria mmoja mtu mzima alikuwa anaimba nyuma yangu safari nzima, nikamuuliza huyo nani, akakasirika: "Unaishi Morogoro humjui Mbaraka?" Nikaanza kutafuta. Morogoro Jazz, halafu Super Volcano. Lile gitaa, wakuu, linaongea.

Gharama: nilipeleka memori kadi kwenye kibanda kimoja nijaziwe "Mbaraka wote", elfu tano. Nyimbo zikaja kweli, ila kila baada ya sekunde thelathini kuna mtu anapiga kelele jina la kibanda na namba ya simu. Mbaraka anaomboleza, jamaa anatangaza anauza chaja. Nimezisikiliza hivyo hivyo miezi minne. Hadi leo nikiusikia wimbo ule safi, pale mahali pa chaja nahisi kuna kitu kimepungua.

Shangazi wa Chumbageni

Naona mmejaa wanaume wenye magitaa. Taarabu mmeiweka wapi? Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla hamjanunua hizo raizoni, Black Star na Lucky Star zilikuwa zinarindima hapa, na Shakila anaimba mpaka mtu mzima anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Lakini wangu mimi ni katikati ya miaka ya 90, wakati wa mipasho, kundi la TOT la Khadija Kopa huku, kundi la Muungano kule. Hao wakiimba hivi, wale wanajibu wiki ijayo, na sisi tunachukua maneno tunayapeleka uswahilini kwetu. Kulikuwa na mwanamke, simtaji, tumekaa ukumbi mmoja, yeye safu ile, mimi hii. Ukafika ubeti ambao ulikuwa wake kabisa, kama umeshonwa kwa vipimo vyake. Nikainuka kwenda kutunza. Noti ya kwanza nikamwelekezea mwimbaji, jicho nimemwekea yule. Naye akainuka! Akatunza mbili. Nikatunza nne.

Wanangu, zile zilikuwa hela za mchezo wa upatu. Mimi ndiye kijumbe, mshika hela. Kesho yake zamu ya mtu.

Niliuza cherehani. Mume wangu akauliza iko wapi, nikasema iko kwa fundi. Ilikaa kwa fundi miaka mitatu. Na yule mwanamke sasa ni mkwe wangu, mtoto wake kamwoa binti yangu, tunapika pamoja sikukuu. Mpaka leo hatujakubaliana ubeti ule ulimpata nani.

Jirani wa Buruburu

Mimi wa Nairobi. Kwanza asanteni Tanga kwa kutuletea kina Kinyonga wa Simba Wanyika, hilo deni tunalijua.

Yangu ni 2002. Watu husema muziki wa Kenya uliamkia redioni. Kwetu uliamkia ndani ya matatu. Kundi la rap la Kalamashaka wa Dandora walikuwa wameshafungua njia, kisha wakaja watoto wa studio ya Ogopa, kina Nameless na E-Sir. Wimbo mpya tuliusikia kwenye manyanga za Buruburu kabla ya pengine popote: michoro ubavuni, spika chini ya kiti, unashuka mjini kifua bado kinatetemeka. Nilikuwa naziacha matatu tatu, nne, zipite tupu, nikingojea ile yenye mziki. Nauli yake juu, na bado nangojea.

Siku ya mtihani niliziacha tano. Nikafika mlango umefungwa. Nilirudia mwaka na mzee akalipa karo mara mbili. E-Sir akafa Machi 2003 barabarani. 2004 zikaja kanuni za matatu za waziri Michuki, michoro ikafutwa, ukapakwa mstari wa njano, nikawa nafika kila mahali mapema bila sababu.

Bugaluu Mstaafu

Shangazi, "iko kwa fundi" nimeichukua, naitumia nyumbani leo.

Kaseti Upande B

Nimesoma, nikaacha, nikarudi. Miaka ya 90 naona hakuna mtetezi humu zaidi ya shangazi, acha niitetee ya upande wetu.

Radio One ilianza 1994 na sisi vijana wa Dar tukasikia kitu tofauti na redio ya taifa. Rap ya Kiswahili: Kwanza Unit, Mr. II, watu wanaongea maisha ya mtaani kwetu kwa lugha yetu. Wimbo huna pa kuununua. Unakaa mbele ya redio kaseti, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, unamwomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya ubeti wa kwanza. Anaongea.

Jumapili moja, 1996, wanatangaza kipindi na sina kaseti tupu. Nikachukua iliyokuwa juu ya kabati. Vile vijino vya juu vilikuwa vimevunjwa makusudi isirekodiwe, nikaziba matundu kwa karatasi na gundi. Nilipata nyimbo tatu kamili, safi, bila mtangazaji. Wiki nzima mtaani mimi ndiye mfalme.

Kaseti ile bibi alikuwa ameongea kutoka Songea. Mama alikwenda kumrekodi kabla hajafa: majina ya babu zetu, nani kaoa wapi, mashamba yako upande upi wa mto. Upande A wote.

Mama alipogundua alikaa chini tu. Zimebaki kama sekunde nane mwishoni, baada ya wimbo wa tatu. Bibi anakohoa, anauliza kama kile kidude bado kinazunguka, mama anasema ndiyo, basi.

Nyimbo zile bado nasema ni kali. Nazijua zote kwa moyo. Ila kila ukiisha wa tatu nasimama kungojea.

Mwana wa Kilosa

Mkuu.

Sina la kusema. Hiyo kaseti unayo bado?

Kaseti Upande B

Ninayo. Huwa naicheza kila Desemba tukikutana na mama.

Bugaluu Mstaafu

Mwanangu, usiicheze tena kwenye redio ya zamani, siku moja mpira wa ndani utalegea na kanda italiwa. Kwanza izungushe kwa kalamu taratibu mpaka mwisho na kurudi, uone kama haijashikana. Kisha tafuta mtu mwenye deki nzima akuhamishie kwenye simu, sekunde nane zote, na huo wimbo wa tatu usiukate.