Tupeane uzoefu: Kishikwambi kinazima ghafla wakati chaji bado ipo

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu jambo linalosumbua watu wengi. Kishikwambi (tableti) kinazima chenyewe huku kinasoma asilimia 30, 40, hata 55. Ukiwasha, kinawaka kidogo kisha kinazima tena. Ukichomeka chaja kinarudi palepale na asilimia zake zilezile, kinapiga kazi vizuri tu. Chomoa chaja, kimezima.

Mimi ni mwalimu wa fizikia na hisabati. Walimu wengi Tanzania tuna vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vikagawiwa kwetu baadaye kwa kazi ya kufundishia. Vimeshakuwa na umri, na betri ya lithiamu huchakaa kwa umri hata kama mwenye nayo anaitunza. Changu kilianza kuzima darasani. Nafungua kamera nipige picha ya swali ubaoni, asilimia 43, kamera inafunguka, kioo kinakuwa cheusi. Nikisoma tu maandishi kinaenda hata saa nzima bila shida. Nikigusa kamera au video, kimeondoka.

Fundi wa kwanza aliniambia dawa yake ni kuflashi, yaani kufuta programu ya kifaa na kuiweka upya. Nikalipa, akaflashi, mafaili yangu ya maandalio yakapotea, na kesho yake kikazima vilevile.

Fundi wa pili hakugusa programu kabisa. Alifungua mfuniko wa nyuma, akagusisha ncha za mita kwenye konekta ya betri, akaniambia nitazame namba. Kishikwambi kikiwa kimetulia, mita ilisoma volti 3.78. Akapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho, akafungua kamera. Namba zikaporomoka mbele ya macho yangu: 3.6, 3.5, 3.4, kikazima. Kilipozima tu, mita ikaanza kupanda yenyewe ikarudi 3.7. Akasema, "Mwalimu, chaji imo. Betri ndiyo haina tena nguvu ya kuitoa."

Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu. Kila betri ina ukinzani wa ndani, yaani hali ya kuzuia mkondo usipite kirahisi, na ukinzani huo unaongezeka betri inavyochakaa. Chukueni mfano wa kifaa kinachovuta mkondo wa ampea 2. Ukinzani ukiwa omu 0.05, volti inayopotelea ndani ya betri ni 0.1 tu, hamna kitakachoonekana. Ukinzani ukifika omu 0.2, inapotea volti 0.4. Ondoa hiyo kwenye 3.78 unabaki na 3.38, na hapo vifaa vingi vinakuwa vimefika au vimekaribia kiwango ambacho mtengenezaji amepanga kifaa kijizime ili kulinda betri na kumbukumbu. Kwa hiyo asilimia inayoonekana juu ya kioo ni makadirio. Kinachoamua kifaa kiwake au kizime ni volti ya sekunde ile.

Nilibadilisha betri na tatizo limekwisha. Ninachowaomba: kabla hujalipia kuflashi, na kabla hujakubali kuambiwa bodi imekufa, dai volti ipimwe kifaa kikiwa kinafanya kazi nzito. Nimeona walimu wenzangu wakitoa hela ya flashi kwa ugonjwa wa betri, na inaniuma.

Wewe chako kilikuwa na nini? Kiliponaje?

Wanjala_wa_Kitale

Mwalimu, ahsante kwa hesabu hiyo. Yetu ilikuwa tableti ya watoto, na betri haikuwa na shida yoyote. Ilikuwa ikizima ovyo, mara asilimia 80, mara 25, haina mpangilio. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba inazima tu ikiwa imesimamishwa kwenye kava lake. Lile kava la raba lilikuwa limejikunja pembeni, likawa linakandamiza kitufe cha kuwashia. Kitufe kikikandamizwa muda mrefu, kifaa kinajizima au kinajiwasha upya. Tukatoa kava, ikatulia mpaka leo. Kwa hivyo mtu aanze na hiyo, haina gharama.

Ukhty wa Mkunazini

Asalaam aleikum. Cha mwanangu kilikuwa kinazima usiku saa nne kamili, chaji iwe nyingi iwe kidogo. Kilikuwa kimeshatumika, kimenunuliwa kwa mtu. Nilipoona saa haibadiliki nikajua hilo si la betri. Nikaingia kwenye mipangilio nikapekua kimoja kimoja, nikakuta sehemu ya ratiba ya kuzima na kuwasha. Aliyekuwa nacho mwanzo kaiwekea saa nne. Nikaiondoa, basi. Si vishikwambi vyote vina sehemu hiyo, lakini vingine vya Android vinayo, hivyo angalieni kama chenu kinazima kwa saa maalumu.

fundi_wa_mita

Mleta uzi umeeleza vizuri sana, na huyo fundi wako wa pili anaijua kazi. Mimi natengeneza simu na tableti, niongeze yale ninayokutana nayo mezani.

Kwanza, mtu asiye na mita anaweza kujipimia. Kuna programu kama CPU-Z au AccuBattery zinazoonyesha volti ya betri kwenye Android. Chaji ikiwa kati ya asilimia 40 na 60, angalia volti kikiwa kimetulia, halafu cheza video kwa mwanga wa mwisho huku Wi-Fi imewaka, urudi uangalie tena. Volti kushuka kidogo ni kawaida kwa kila betri. Ikishuka sana na kifaa kikazima, huna haja ya kuzunguka mitaani kutafuta jibu.

Pili, tableti nyingi zina seli mbili zilizofungwa sambamba ndani ya pakiti moja. Seli moja ikifa au waya wake ukiachia, volti ukiipima bila mzigo inaonekana nzuri, lakini seli moja ndiyo inabeba kazi ya mbili. Hapo ndipo unakuta kifaa kinatoka 60 kinaruka mpaka 20, au kinazima kabisa. Mafundi wenzangu wengi wanapima bila mzigo, wanaona 3.8, wanamwambia mteja betri ni nzima. Si kweli, na mteja anaumia.

Tatu, konekta. Kifaa kilichoanguka, kikawa kinazima ukikitikisa au ukikiweka mezani kwa kishindo, hicho usikinunulie betri kabla hakijafunguliwa. Mara nyingi konekta ya betri imeinuka, au ina kutu ya maji. Unaichomoa, unasafisha, unairudisha vizuri.

Nne, betri feki. Nimepokea tableti iliyobadilishwa betri kwingine, tatizo likazidi kuliko mwanzo. Juu ya betri pameandikwa uwezo mkubwa kuliko ile ya asili, lakini ukiishika ni nyepesi na ni nyembamba. Lithiamu haifanyi miujiza. Uwezo mkubwa unahitaji ujazo. Umbo likiwa lilelile na uzito umepungua sana, maandishi hayo usiyaamini.

Kibosho Mjini

Wakuu, mbona mnarukia kununua betri? Mimi nilifanya kalibresheni tu. Niliacha kikazima chenyewe kwa kuishiwa, nikachaji mpaka 100 bila kuchomoa, nikakiacha kwenye chaja muda kidogo. Tangu hapo kinashuka vizuri mpaka asilimia 3, 2, 1 ndipo kinazima.

fundi_wa_mita

Mkuu Kibosho, uliyofanya ni sahihi na kwa wengine inasaidia. Ndani ya kifaa kuna sakiti inayohesabu mkondo unaoingia na unaotoka kwenye betri, halafu inakadiria asilimia. Hesabu hiyo inapotea njia taratibu, hasa kwa mtu anayechaji vipandevipande. Ukishusha mpaka mwisho na kupandisha mpaka juu, inajua upya mwisho uko wapi na juu ni wapi.

Ila inarekebisha namba tu. Betri iliyochoka itabaki imechoka, na baada ya kalibresheni utaona inafika sifuri haraka zaidi kwa sababu sasa inasema ukweli. Na usiifanye kila wiki, kushusha betri ya lithiamu mpaka mwisho mara kwa mara kunaiumiza.

Mbeba Mizigo, Minneapolis

Salamu kutoka kwenye baridi, ndugu zangu. Mimi nasambaza mizigo, na iPad iko kwenye dashibodi ya gari inanionyesha njia. Januari hapa kipimajoto kinashuka chini ya sifuri kwa siku nyingi mfululizo. Nikishuka kupeleka mzigo na kurudi, nakuta imezima, na niliiacha na asilimia 60. Nikiiingiza ndani ya koti ikapata joto la mwili, inawaka na asilimia zake karibu zote zipo.

Apple wenyewe wanasema itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi. Baridi inafanya kemia ya ndani iende polepole, ukinzani unapanda, na hesabu ya mwalimu inatokea palepale. Ikipata joto inarudi. Jambo moja tu niwaonye mlio kwenye nchi za baridi: usichomeke chaja betri ikiwa imeganda. Kuchaji lithiamu chini ya nyuzi sifuri kunaweza kutandaza metali ya lithiamu ndani ya seli, na uharibifu huo hauondoki ikipata joto. Iache ndani ya nyumba kwanza ubaridi uishe, ndipo uchaji.

Njombe Kwetu

Kumbe! Huku Makete kwenye baridi, asubuhi yangu inazima, mchana haina tatizo. Nimepata jibu leo.

Mchambuzi Huru

Kwa wanaodhani ni vifaa vya bei rahisi tu: mwaka 2016 Apple walitangaza kubadilisha bure betri za baadhi ya iPhone 6s zilizokuwa zinazima ghafla. Januari 2017 wakatoa toleo la programu ya simu, iOS 10.2.1, ambalo ilipunguza kuzima kwa kubana kasi ya prosesa kwenye simu zenye betri iliyochoka, yaani kupunguza mkondo unaovutwa kwa mpigo. Watumiaji hawakuelezwa wazi. Yalipojulikana Desemba 2017, kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Mimi naliona hilo kama ushahidi mzuri wa anachosema mleta uzi. Mtengenezaji mwenyewe, mwenye wahandisi wote wale, alikuta kiini ni betri kushindwa kutoa mkondo wa ghafla.

Mwalimu wa Zamu (mleta uzi)

Nashukuru sana wakuu, dada wa Mkunazini na kaka wa Kitale nawashukuru zaidi, maana hayo yenu hayahitaji hata shilingi. Kwa walimu wenzangu, likizo ndefu msikifungie kabatini kikiwa sifuri. Betri inaendelea kujishusha yenyewe, na ikizama chini sana sakiti ya ulinzi inaifunga, mkirudi hakipokei hata chaja. Kiacheni kwenye nusu, kimezimwa, mahali pasipo joto la bati.

Mama Kulwa

Naombeni msaada na mimi. Cha mume wangu kinazima kwenye 60. Nimeona kioo kimeinuka upande mmoja, na katikati pana doa jeupe. Nikikibonyeza kinarudi chini, nikiachia kinainuka. Sasa hivi kiko kwenye chaja. Hii nayo ni ukinzani?

fundi_wa_mita

Dada, chomoa chaja sasa hivi, na usikibonyeze tena. Hiyo ni betri imevimba, kuna gesi ndani. Ukiikandamiza ngozi za ndani zinaweza kugusana ikashika moto. Kizime, kitoe kitandani au kwenye kochi, kiweke kwenye sakafu ya saruji mbali na mapazia na watoto.

Mama Kulwa

Nimechomoa, nimekizima, kiko barazani. Kesho nikipeleke kwa bodaboda kuna hatari?

fundi_wa_mita

Unaweza, ila usikitumbukize kwenye mkoba pamoja na funguo na vitu vingine vya kukibana. Kiweke bapa kwenye boksi la kadibodi, ushike mwenyewe mkononi, na kisikae juani. Ukifika, mwambie fundi asikiwashe kwanza kuona tatizo. Akifungue kishikwambi aondoe betri, asiichokonoe na bisibisi ya chuma, kisha ndipo apime mengine akitumia betri nzima. Na asikurudishie ile iliyovimba ukaitupe jalalani, maana jalala likichomwa moto inaweza kulipuka.