Tupeane uzoefu: ramani ya simu ilipokusaidia au kukupotosha ziwani

Mwanzisha mada

Ndugu zangu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema na mialo yote (fuo tunakoshushia samaki) ya Ziwa Victoria, naomba tukusanye hapa visa vyetu wenyewe kuhusu kutumia ramani za kidijitali majini. Nchini Marekani taasisi ya serikali iitwayo NOAA hutoa bure chati za kielektroniki za bahari, zenye vina, miamba na maboya, kiasi kwamba mwenye boti dogo la kuvulia hutazama chati ileile anayoitazama nahodha wa meli. Sisi tuna ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake iko Tanzania, lakini wengi wetu tunaongozwa na vilima, minara ya simu na maelekezo ya mzee aliyetufundisha kupiga kasia. Maelekezo hayo ndiyo yaliyonilea na ninayaheshimu, ila hayaonyeshi mpaka wa eneo ambalo sheria imelifunga kwa uvuvi.

Naanza na langu. Niliwahi kutega nyavu za sangara upande wa Rubondo, kwenye hifadhi ya taifa, nikiamini kwamba hifadhi ni kisiwa peke yake, na kwamba maji ni ya wote. Sikujua kuwa hifadhi ile, iliyotangazwa mwaka 1977, ina kilomita za mraba takriban 457, ambapo kisiwa chenyewe ni kama 240 tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji, na katika maji hayo mvuvi haruhusiwi kutega. Majini hakuna uzio wala jiwe la mpaka. Tuligundua kosa letu baada ya kuelekezwa na wavuvi wenzetu, tukazivuta nyavu usiku uleule kwa hofu na hasara. Kama mstari ule ungekuwa kwenye simu yangu, nisingekuwa na kisingizio, na nisingekuwa na haja nacho.

Nahodha wa mtumbwi, Ukara

Nashukuru kwa kuanzisha mada hii, kaka. Mwaka 2020 maji yalipopanda kuliko tulivyozoea, mialo ilizama na mawe tuliyokuwa tukiyakwepa kwa macho yakafunikwa. Nilikuwa nimepita njia ile kwa miaka kumi na minane, na mtumbwi wangu ukapasuka ubavu kwenye jiwe ninalolijua kwa jina. Tangu siku hiyo, maji yanapopungua na mawe kuonekana, naliendea jiwe mojamoja na kupiga pointi, yaani kuhifadhi mahali lilipo, kwenye simu. Ninazo pointi thelathini na moja. Wenzangu wafahamu kwamba simu hupokea mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti bila bando wala mtandao. Kinachotakiwa ni kupakua ramani ukiwa nchi kavu, na kuifunga simu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba

Mimi sivui, lakini kisa changu kinahusu maisha ya watu. Injini ya mtumbwi uliobeba mzigo wangu ilizima jioni, upepo ukaanza kuwasukuma, na kijana mmoja akanitumia ujumbe wa mahali walipo. Simu yake iliandika nyuzi na dakika: 2°31′ kusini. Tulipompelekea ujumbe mwenye boti la msaada tukaandika 2.31, kana kwamba ni desimali. Dakika 31 ni zaidi ya nusu ya nyuzi, kwa hiyo ilipaswa kuandikwa 2.52, na tofauti hiyo ni kilomita zipatazo 23. Boti lilikwenda kaskazini na kuzunguka mahali pasipo na mtu hadi karibu saa sita usiku, ndipo mwanangu aliyesoma jiografia akaliona kosa. Waliokolewa wote wakiwa wamelowa na kutetemeka. Nawasihi kila mwalo uchague namna moja ya kuandika na kuibandika ofisini kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo.

Mvuvi wa dagaa, Kayenze

Nina wasiwasi, na nausema kwa heshima. Usiku wa giza, taa zikiwashwa, kila mtumbwi una mahali pake panapompa riziki. Nikiweka pointi zangu hadharani, kesho nitakuta mitumbwi arobaini pale.

Mwanzisha mada

Wasiwasi wako ni wa haki, mzee wangu, na sitaki yeyote alazimike kutoa mahali anapovulia. Ninaloomba litenganishwe ni hili: mahali pa samaki ni mali ya jasho la mtu, lakini jiwe linalopasua mtumbwi, mpaka wa hifadhi, mazalia ya sato yaliyofungwa na mwalo salama wa kukimbilia dhoruba inapoanza ni habari za kila anayeingia majini. Kuficha jiwe hakumwongezei mtu dagaa. Tuanze na hayo manne pekee, na anayeweka pointi aandike pia tarehe na kiwango cha maji kilivyokuwa, kwa sababu kisa cha Ukara kimeonyesha kwamba pointi isiyo na tarehe hupotosha.

Nahodha wa mtumbwi, Ukara

Zangu zina tarehe, isipokuwa sita za mwanzo. Hizo sita nitazipitia upya Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka, kisha nitaziweka zote hapa.